Mwanzo Uliokuja Baada ya Mwisho: Mgawanyiko wa Hadhira ya Filamu ya The Phantom Menace, 1999-2024

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya upokezi wa filamu ya The Phantom Menace, iliyotungwa na kuelekezwa na George Lucas na kuanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 19 Mei 1999. Filamu hiyo ni kitangulizi, yaani kazi inayosimulia matukio yaliyotangulia kisa ambacho hadhira imekwisha kukijua. Ilikuwa imesubiriwa kwa miaka 16, tangu kutolewa kwa Return of the Jedi mwaka 1983. Ilipowadia, iliwagawanya watu wale wale waliokuwa wameisubiri kwa hamu kubwa zaidi. Wapo walioishangilia, wapo walioilaani, na wapo hata walioishangilia usiku wa kwanza kisha wakaigeuka.

Aghalabu mgawanyiko huu huelezwa kwa njia nyepesi: kwamba filamu ilikuwa mbovu na wapenzi wake wakaumbuka, au kwamba ilikuwa nzuri ila mashabiki walikuwa wamekua na kusahau utoto wao. Makala haya yanashikilia kwamba maelezo yote mawili hayatoshi. Mgogoro wa 1999 ulikuwa kwa hakika migogoro miwili iliyovaana. Wa kwanza ulihusu umiliki wa masimulizi: ni nani mwenye haki ya kusema mwanzo ulikuwaje? Wa pili ulihusu sauti: ni nani anayechekwa mhusika anapofungua kinywa? Mgogoro wa kwanza ulikuwa na kelele nyingi. Wa pili ulikuwa na uzito mkubwa. Kwa kuwa wahusika wa mjadala hawakuitenganisha, ule wa kelele uliumeza ule wa uzito, na gharama ikalipwa na waigizaji.

Huenda ikaulizwa kwa nini filamu ya kibiashara ya Marekani ijadiliwe na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Jibu ni kwamba suala la hadhira inayodai kuyamiliki masimulizi si geni katika taaluma hii. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamelizoea, na wale wa ushairi wanaujua mgogoro mzima uliojengwa juu yake. Aidha, kama itakavyobainika, lugha za Kenya zenyewe zimo katika historia ya filamu hizi.

Pengo na Matarajio

Filamu ya kwanza, Star Wars, ilitoka tarehe 25 Mei 1977. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza haikuwa na nambari yoyote ya sehemu. Ilijitosheleza: kijana Luke Skywalker anatoka katika sayari ya jangwa, anafunzwa na mzee Obi-Wan Kenobi, na anasaidia kuangamiza silaha kuu ya dola dhalimu. The Empire Strikes Back ilipofuata mwaka 1980, maandishi yake ya ufunguzi yaliitambulisha kuwa sehemu ya tano. Mwaka 1981, filamu ya kwanza ilipoonyeshwa upya, nayo ikaongezewa nambari: sehemu ya nne. Kwa kitendo hicho kidogo cha uhariri, hadhira ilifahamishwa kwamba kisa ilichokipenda kilikuwa kimeanzia katikati, na kwamba kulikuwa na sehemu tatu zisizoonekana.

Wananadharia wa upokezi wana maelezo muafaka kuhusu hali kama hii. Wolfgang Iser alisisitiza kwamba matini huwa na mapengo, na kwamba ni msomaji anayeyajaza wakati wa kusoma. Mwenzake katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Hans Robert Jauss, alidai katika mhadhara wake wa mwaka 1967 kwamba kazi ya sanaa haiingii katika ombwe, bali hupokewa ndani ya upeo wa matarajio ulioundwa na kazi zilizotangulia. Umbali baina ya upeo huo na kazi mpya ndio unaoeleza kwa kiasi kikubwa ikiwa kazi hiyo itafurahisha, itashangaza au itaudhi.

Kisa cha Star Wars kiliacha mapengo makubwa. Katika filamu ya 1977, Obi-Wan anamweleza Luke kwa maneno machache kuhusu baba yake, kuhusu vita vya zamani, na kuhusu mwanafunzi aliyeasi. Mwaka 1980 hadhira inagundua kwamba mwasi huyo, Darth Vader, ndiye baba mwenyewe. Kwa miaka 16 iliyofuata 1983, mapengo haya yalijazwa na hadhira. Watoto waliyajaza kwa michezo na vikaragosi. Waandishi waliyazunguka kwa riwaya zilizoidhinishwa, hasa baada ya Heir to the Empire ya Timothy Zahn kuchapishwa mwaka 1991. Henry Jenkins, katika Textual Poachers, kitabu kilichotoka mwaka 1992, alionyesha kwamba mashabiki wa masimulizi ya aina hii si wapokeaji bubu. Wao hutunga, huchora, hufasiri na hubishana, nao hujiona kuwa na hisa katika kazi wanayoipenda.

Ndiyo sababu kitangulizi ni utanzu wenye hatari ya pekee. Hadhira ya mwendelezo wa kawaida haijui yajayo, kwa hiyo mtunzi ana uhuru wa kuishangaza. Hadhira ya kitangulizi inajua mwisho, na kwa kuwa inaujua, imekwisha kujitungia mwanzo. Kujua mwisho si kasoro kwenyewe. Hadhira ya utendi wa Fumo Liyongo inajua kwamba shujaa atauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na kwamba mkono utakaomchoma ni wa mwanawe wa kumzaa. Ujuzi huo haupunguzi simanzi, bali unaizidisha. Tofauti ni kwamba hadhira ya Liyongo haikuachwa miaka 16 ikijitungia kisa cha mwana huyo. Filamu ya 1999 ililazimika kushindana na maelfu ya filamu ambazo hazikuwahi kupigwa, kila moja ikiwa imehifadhiwa katika kumbukumbu ya mtu mmoja na kusafishwa kasoro zote.

Dalili za upeo huo wa matarajio zilionekana mapema. Mnamo Novemba 1998, kionjo cha filamu kilipoanza kuonyeshwa, iliripotiwa kwamba kuna watu waliokata tikiti za filamu nyingine, wakatazama kionjo, kisha wakatoka kabla filamu waliyoilipia haijaanza. Mbele ya jumba la Mann's Chinese Theatre mjini Los Angeles, baadhi ya mashabiki walikaa foleni kwa wiki kadhaa. Siku ya kwanza pekee filamu iliingiza takriban dola milioni 28.5 nchini Marekani.

Mgogoro wa Kwanza: Nani Mwenye Mwanzo?

Yafaa kukumbuka kwamba filamu yenyewe haikukataliwa na watazamaji kwa jumla. Katika maonyesho yake ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 431 nchini Marekani na Kanada, na takriban milioni 924 duniani kote, ikaongoza filamu zote za mwaka huo kwa mapato. Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago, aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne, akiisifu hasa kwa jinsi ilivyoumba ulimwengu wa kuonekana. Wahakiki wengine waliiona kuwa baridi, yenye mazungumzo mazito na wahusika wasio na uhai. Hata hivyo, mgawanyiko wa wahakiki ni jambo la kawaida. Uliokuwa na historia ya aina yake ni mgawanyiko wa mashabiki.

Malalamiko yao ya kifani na kimaudhui yanaweza kuwekwa katika makundi matatu. Kwanza, walilalamikia mahali kisa kilipoanzia. Mashabiki walikuwa wakisubiri anguko la shujaa. Badala yake walipewa mtoto wa miaka tisa, Anakin Skywalker, na mzozo wa ushuru wa biashara baina ya Shirikisho la Wafanyabiashara na sayari ya Naboo. Pili, walilalamikia kutokubaliana kwa sehemu. Filamu ya 1980 ilikuwa imedokeza kwamba mwalimu wa Obi-Wan alikuwa Yoda. Ile ya 1999 ikaleta mwalimu mwingine, Qui-Gon Jinn, ambaye hakuwa ametajwa popote. Tatu, na hili liliwauma wengi, walilalamikia kufafanuliwa kwa kile kilichokuwa fumbo. Katika filamu za awali, nguvu inayowawezesha mashujaa ilikuwa ya kiroho, jambo la imani na nidhamu. Katika The Phantom Menace, Qui-Gon anachukua damu ya mtoto na kupima idadi ya viumbe hadubini vinavyoitwa midi-chlorians. Kilichokuwa fumbo kikawa kipimo cha maabara.

Malalamiko haya yana hoja ndani yake. Lakini yana pia majibu, na watetezi wa filamu hawakusita kuyatoa. Kuanza na mzozo wa ushuru kulionyesha kwamba udhalimu hauingii kwa mlango wa mbele. Seneta Palpatine anapanda ngazi ya madaraka kwa kutumia taratibu halali za bunge, na mzozo mdogo ndio ngazi yake ya kwanza. Kumwonyesha Vader akiwa mtoto mwema, tena mtumwa, kulikusudiwa kuwanyima watazamaji faraja ya kuamini kwamba waovu huzaliwa wakiwa waovu. Kwa mtazamo huu, filamu haikukosea mwanzo. Ilichagua mwanzo ambao hadhira haikuutaka.

Will Brooker, katika kitabu chake Using the Force cha mwaka 2002, aliichunguza mipasuko hii miongoni mwa mashabiki na kubainisha jinsi kila upande ulivyodai kuwa ndio wenye mapenzi ya kweli. Watetezi waliwaona walalamikaji kuwa wasaliti. Walalamikaji waliwaona watetezi kuwa wasiojua kutofautisha mapenzi na utiifu. Wanafunzi wa Stanley Fish watalitambua jambo hili. Fish alidai mwaka 1980 kwamba maana haikai katika matini wala katika msomaji mmoja mmoja, bali katika jumuiya za ufasiri zinazokubaliana kuhusu namna ya kusoma. Kilichotokea mwaka 1999 ni kwamba jumuiya iliyojiona kuwa moja iligundua kwamba ilikuwa mbili au zaidi. Miaka 16 ya ukimya ilikuwa imeficha tofauti hizo. Kazi mpya ikazifichua.

Suala la umiliki lilikuwa limekwisha kuchochewa na Lucas mwenyewe. Mwaka 1988 alifika mbele ya Bunge la Marekani kupinga desturi ya wenye hakimiliki kubadilisha filamu za zamani, hasa kwa kuzitia rangi zile zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe. Alitetea haki ya msanii, lakini alitetea pia wazo kwamba kazi hizo ni urithi wa umma. Miaka tisa baadaye, mwaka 1997, alizitoa upya filamu zake tatu za kwanza zikiwa na mabadiliko, likiwemo lile lililozua ubishi mkubwa: katika tukio la baa, mhusika Han Solo, ambaye awali alifyatua risasi bila kungoja, sasa anafyatuliwa kwanza na adui yake Greedo. Lucas hakujipinga kwa kila hali, kwani yeye alikuwa mtunzi na si kampuni ngeni iliyonunua hakimiliki. Hata hivyo, mashabiki waliona kwamba kumbukumbu yao ilikuwa imeguswa bila idhini yao. Walipoingia katika majumba ya sinema miaka miwili baadaye, tayari walikuwa na shaka.

Hatua iliyofuata ina mafunzo makubwa kwa wanafunzi wa fasihi simulizi. Kufikia mwaka 2001 kulikuwa kumeanza kusambaa kanda za video za toleo lililoitwa The Phantom Edit. Mhariri wake, ambaye mwanzoni hakujulikana na baadaye akatambulika kuwa Mike J. Nichols, alikuwa ameichukua filamu ya Lucas, akaifupisha, akapunguza sehemu za mhusika Jar Jar Binks na kuondoa baadhi ya mazungumzo. Kisheria huo ulikuwa ukiukaji wa hakimiliki. Kifasihi, yalikuwa ni marejeo ya uhusiano wa kale wa fanani na hadhira. Katika utambaji wa ngano, hadhira huitikia, hukatiza, hukosoa, na msikilizaji wa leo ndiye mtambaji wa kesho. Hapana anayemshtaki kwa kuacha sehemu aliyoiona kuwa imezidi. Filamu, kama kitabu, hudai kuwa matini yaliyofungwa. Mashabiki walikataa kuyachukulia hivyo. Walidai nafasi ambayo sanaa ya simulizi humpa msikilizaji kama haki yake.

Ulinganisho na ushairi wa Kiswahili unaweza kufaa hapa. Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha K. Amri Abedi cha mwaka 1954, kilikuwa kimeziweka kanuni za vina na mizani katika maandishi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapo waliokataa kabisa kuyaita matungo yake mashairi, na wapo walioyaona kuwa ukombozi wa utanzu. Tofauti za mazingira ni kubwa na hazifai kupuuzwa: upande mmoja ni jadi ya karne nyingi, upande wa pili ni bidhaa ya miongo miwili. Lakini umbo la ubishi ni lile lile. Pande zote mbili hazikubishana tu kuhusu iwapo kazi ilikuwa nzuri. Zilibishana kuhusu iwapo ilikuwa na haki ya kubeba jina la jadi. Ubishi wa aina hiyo hauwezi kumalizwa kwa kuhesabu makosa ya kazi, kwa sababu haukuanzia hapo.

Mgogoro wa Pili: Sauti ya Anayechekwa

Mgogoro wa pili ulizuka wiki hizo hizo, lakini ulikuwa wa namna nyingine. Ulimhusu kwanza Jar Jar Binks, kiumbe mwenye masikio marefu na mwendo wa kuyumbayumba, aliyeigizwa na Ahmed Best, Mmarekani Mweusi, kisha umbo lake likachorwa kwa kompyuta. Jar Jar alikuwa miongoni mwa wahusika wakuu wa kwanza kabisa wa aina hiyo katika filamu ya waigizaji hai. Yeye ni mzembe, mwoga na mcheshi, na Kiingereza chake ni cha kuvunjikavunjika. Wasikilizaji wengi walisikia humo lafudhi ya Karibi. Wengine walisikia lafudhi ya Asia ya Mashariki katika vinywa vya viongozi wa Shirikisho la Wafanyabiashara, ambao ni walafi na waoga. Wengine tena walimwona Watto, mfanyabiashara mwenye pua ndefu anayewamiliki Anakin na mama yake, kuwa nakala ya vibonzo vya kale vya chuki dhidi ya Wayahudi.

Miongoni mwa waliolizungumzia suala hili kwa kina ni Patricia J. Williams, msomi wa sheria, katika jarida la The Nation mwaka huo huo wa 1999. Alimhusisha Jar Jar na jadi ya maigizo ya Marekani ambamo waigizaji weupe walijipaka masizi na kuwaigiza Weusi kwa kejeli. Kampuni ya Lucasfilm ilikanusha, ikisema kwamba hawa ni viumbe wa sayari za kubuni na hawawakilishi watu wowote wa dunia hii.

Kanusho hilo linadai kutathminiwa, na ni hapa ambapo lugha za Kenya zinaingia. Katika Return of the Jedi ya 1983 yumo rubani wa sayari ngeni aitwaye Nien Nunb, anayeketi kando ya Lando Calrissian katika vita vya mwisho. Sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, naye alizungumza lugha za nyumbani, ikiwemo Gikuyu. Hili halikuwa jambo la pekee. Ben Burtt, mtaalamu wa sauti wa filamu hizi, alikuwa na mazoea ya kuanzia katika lugha halisi ambazo watazamaji wengi wa Marekani hawakuzijua. Lugha ya Greedo katika filamu ya 1977, kwa mfano, ilitokana na Quechua ya Amerika Kusini.

Jambo hili lina sura mbili. Kwa mtazamaji wa Ohio, sauti ya Nien Nunb ni mlio wa sayari ya mbali. Kwa mtazamaji wa Nyeri ni maneno yanayoeleweka, tena yasiyo na uhusiano wowote na vita vya angani, na huenda akacheka kwa furaha ya kukutana na ndugu mahali asipomtarajia. Matini ni yale yale. Maana zinatofautiana kwa kadiri ya masikio. Hivyo basi, dai kwamba viumbe wa kubuni hawawakilishi mtu yeyote haliwezi kusimama. Sauti za viumbe hao zilichukuliwa kwa watu. Mradi zimechukuliwa kwa watu, wenye sauti hizo watazisikia, na ni haki yao kuuliza zimefanyiwa nini.

Inafaa pia kuona tofauti baina ya 1983 na 1999. Nien Nunb ni rubani hodari, naye hachekwi kwa ajili ya usemi wake. Usemi wa Jar Jar ndio kichekesho chenyewe. Mhusika wa kwanza amepewa lugha kamili ambayo watazamaji wengi hawaielewi. Wa pili amepewa lugha yao wenyewe ikiwa imevunjwa. Kumfanya mtu aonekane mgeni na kumfanya aonekane mpumbavu ni mambo mawili tofauti, ijapokuwa njia ya kwanza huweza kufungua mlango wa ya pili. Ni haki kuongeza kwamba Lucas na Best walimwona Jar Jar katika jadi nyingine, ile ya vichekesho vya mwili ya kina Buster Keaton. Nia hiyo yaweza kuwa ya kweli. Lakini nia ya mtunzi haimalizi suala la athari, na hili ni funzo ambalo uhakiki wa Kiafrika ulilipata zamani kwa kusoma riwaya za kikoloni.

Jinsi Kelele Zilivyoumeza Uzito

Lililotokea baada ya hapo ndilo kiini cha makala haya. Chuki dhidi ya Jar Jar ilienea, lakini haikuwa chuki ya wale waliohoji ubaguzi. Wengi waliomchukia walimchukia kwa sababu alikuwa kizuizi kati yao na filamu waliyoiota. Walimwona kuwa mchezo wa kitoto katika kisa walichokitaka kiwe cha watu wazima. Hoja ya Williams na wenzake ilihusu namna mhusika alivyosanifiwa, na kwa hiyo iliwalenga wenye mamlaka ya kusanifu. Hasira ya mashabiki ilimlenga aliye karibu zaidi, yaani mwigizaji.

Mnamo Julai 2018 Ahmed Best alifichua hadharani kwamba shutuma za wakati ule zilimfikisha karibu na kujitoa uhai. Jake Lloyd, mtoto aliyemwigiza Anakin, aliachana na uigizaji mwaka 2001, na baadaye akaeleza kwamba dhihaka za wanafunzi wenzake zilichangia uamuzi huo. Hawa hawakuandika mazungumzo, hawakuchagua lafudhi, wala hawakuamua kisa kianzie wapi. Katika istilahi za uhakiki, hadhira ilichanganya mtunzi, mhusika na mwigizaji, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa dhidi yake.

Desturi hiyo haikukoma. The Last Jedi ya mwaka 2017, iliyotengenezwa baada ya kampuni ya Disney kuinunua Lucasfilm mwaka 2012, nayo iliwagawa mashabiki kuhusu nani mwenye haki juu ya hatima ya Luke Skywalker. Palikuwa na hoja halali za pande zote. Lakini mwaka 2018 Kelly Marie Tran, mwigizaji wa Kimarekani mwenye asili ya Vietnam, aliondoa picha na maandishi yake yote Instagram baada ya kuandamwa kwa matusi, mengi yakiwa ya kibaguzi na ya kijinsia. Kwa mara nyingine ugomvi wa umiliki ulimwangukia mtu asiyemiliki chochote.

Hali ya Baadaye

Historia ya upokezi haisimami mahali pamoja. Waliokuwa na umri wa miaka minane mwaka 1999 hawakuwa na mapengo ya miaka 16 ya kujaza. Kwao The Phantom Menace haikuwa kitangulizi bali ulikuwa mwanzo. Walipokua na kuanza kuandika na kuhakiki, sauti yao ilibadilisha mizani. Walizungumzia kwa mapenzi mashindano ya magari ya angani, muziki wa John Williams, na pambano la mwisho dhidi ya Darth Maul. Filamu iliporejeshwa katika majumba ya sinema mnamo Mei 2024, kuadhimisha miaka 25, ilipokewa kwa uchangamfu ambao ungewashangaza wengi mwaka 2001. Best mwenyewe alirudi mwaka 2023 katika mfululizo wa The Mandalorian akiwa Kelleran Beq, shujaa anayemwokoa mtoto Grogu, na mashabiki wakamlaki kwa furaha.

Mabadiliko haya yanathibitisha hoja ya Jauss kwamba upeo wa matarajio husogea, na kazi iliyokataliwa na kizazi kimoja huweza kukumbatiwa na kingine. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mapenzi ya kizazi kipya yamemaliza kwa kiasi kikubwa mgogoro wa kwanza. Hayajaugusa wa pili. Kumpokea Best kwa heshima ni jambo la haki, lakini si jibu kwa swali la lafudhi. Kinyume cha hayo, ipo hatari kwamba kumbukumbu tamu za utotoni zitalizika swali hilo kama vile hasira ilivyolizika hapo awali.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mgawanyiko wa mashabiki wa The Phantom Menace haukutokana na ubora au udhaifu wa filamu pekee. Ulitokana kwanza na asili ya kitangulizi, utanzu unaoikuta hadhira ikiwa imekwisha kujitungia mwanzo wake. Ulitokana pia na mvutano wa muda mrefu kati ya mtunzi anayeihesabu kazi kuwa yake na hadhira inayoihesabu kuwa urithi. Sambamba na huo kulikuwa na mgogoro mwingine, kuhusu sauti za watu halisi zilizovishwa viumbe wa kubuni, na huu haukupewa nafasi uliyostahiki.

Kazi ya mhakiki katika hali kama hiyo ni kutenganisha. Dai la shabiki kwamba kisa si kama alivyokiota ni ushahidi wa nguvu ya kisa, si ushahidi wa kosa. Dai la msikilizaji kwamba sauti ya watu wake imefanywa kichekesho ni hoja inayohitaji kujibiwa kwa uchambuzi wa matini. Madai haya mawili yakisikika kwa pamoja, la kwanza ndilo litakalosikika zaidi. Ipo haja ya watafiti wa Kenya kuendeleza uchunguzi huu, hasa kwa kuzichambua kwa makini lugha za Kiafrika zilizotumiwa katika filamu za bunilizi ya kisayansi: zilizungumzwa na nani, zilisema nini hasa, na wazungumzaji wake walizipokeaje waliposikia lugha zao zikitoka katika vinywa vya viumbe wa sayari nyingine.